Shamba Kwenye Mashuka

Mtaa wa Kisima haukuwa na kisima. Ulikuwa na mfereji mmoja kwa kila safu ya nyumba, choo cha pamoja, na mwenyekiti. Mfereji ulikauka kila Jumanne. Mwenyekiti hakukauka siku yoyote.

Aliitwa Ngigi. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mbao kule Industrial Area, mtu mrefu wa kofia ya kahawia ambayo hakuivua ila kitandani. Kwao kulikuwa milimani, kwenye chai na ukungu, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, ukidondosha kijiti cha kiberiti jioni, asubuhi unakikuta kimetoa majani. Mtu wa kwao hajui kulima vibaya, alisema. Ndiyo maana alipofika Nairobi watu wakamfanya mwenyekiti wa Kamati ya Mashamba, au yeye ndiye aliyewafanya watu wamfanye. Nthenya, mjane muuza uji, hakuwahi kujua vizuri.

Mashamba yenyewe yalikuwa ukanda mwembamba kati ya reli na ukuta wa viwanda, umekatwa vipande ishirini na vinne. Udongo wake ulikuwa wa kijivu, umechanganyika na majivu ya magari moshi ya zamani. Na mvua ya pale, maskini, ilikuwa kama jamaa aliyetoka ng'ambo: inakuja kwa kishindo, inakaa kidogo, inaondoka bila kuaga.

Nthenya alilima kipande cha tisa. Yaani, Kamati ilisema halimi, na huo ndio uliokuwa ugomvi.

Mumewe Muthiani alikuwa mpakiaji wa mabehewa hadi kifua kilipomshinda. Mwaka wake wa mwisho, akiwa hawezi tena kuinua hata gunia la pumba, alishinda kwenye kipande cha tisa na jembe lake, anachimba kidogo, anakohoa sana, anachimba tena. Alitengeneza matuta mafupi yaliyokata mteremko. Kisha katikati ya tuta na tuta, kila baada ya hatua tatu, akaweka kizibo cha udongo, hata shamba zima likaonekana kama makarai yaliyopangwa kungojea maji.

"Maji yakiingia humu," alimwambia mkewe, "yataomba ruhusa ya kutoka."

Ilimchukua miezi saba. Alipoweka kizibo cha mwisho hakuishi hata kuona mvua moja ikisimama ndani. Vizibo vilikuwa hamsini na viwili. Nthenya alivijua kama watu wanavyojua idadi ya watoto wao.

Tangu hapo hakuupindua ule udongo. Akivuna mtama, alikata mabua usawa wa goti na kuyaacha yalale yalipoanguka. Wakati wa kupanda alitoboa shimo kwa ncha ya jembe katikati ya mabua makavu, akatia punje tano, akafunika kwa unyayo, akasogea mbele. Asubuhi moja na nusu, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo mama yake alivyopanda kule Makueni, katika miaka ambayo mawingu yalipita juu kama matajiri. Mtama wenyewe aliusaga, akapika uji, akauuza alfajiri kwenye malango ya viwanda. Hakuwa na kazi nyingine. Sufuria ile ndiyo iliyomvisha, ikamlisha, ikamlipia chumba.

Mtaa ungeweza kumsamehe mambo mengi, lakini si asubuhi moja na nusu. Kisima walikuwa watu wa kufagia. Wanawake wa pale walifagia ua mara mbili kwa siku hadi ardhi ikabaki na mistari ya ufagio, na aliyeacha jani moja mlangoni alizungumzwa hadi Gikomba. Basi na mashamba wakayafagia vivyo hivyo. Walikata, wakakusanya, wakachoma moto, wakapindua, wakaponda mabonge, na kuna waliopitisha ufagio juu. Kamati ilikuwa na zawadi ya jembe jipya kila mwaka kwa shamba safi kuliko yote. Shamba hilo limetoa nini, hakuna aliyeuliza.

"Nthenya," Ngigi alimwita siku ya ukaguzi wa Oktoba, amesimama kwenye mpaka kama mtu anayeogopa kukanyaga kinyesi. "Hili ni shamba ama ni jaa?"

"Ni shamba, Mzee."

"Haya yote yaliyolala hapa ni nini?"

"Ni blanketi."

Wanakamati wakacheka. Ngigi hakucheka, mwenyekiti huchekewa.

"Mama, udongo ni kama nguo. Lazima ugeuzwe, upate jua."

"Jua tunalo la kutosha, Mzee. Kilichopungua ni maji."

"Mnaona?" aliwageukia wenzake. "Uvivu ukipata mdomo, hautafuti jembe tena."

Mwaka ule yeye mwenyewe alikuwa na jambo la kuonyesha. Kiwandani alikuwa amepata trekta ya kuvuta magogo, mahali fulani akaazima plau ya sahani, na kipande chake cha nne kikalimwa mara tatu, hadi udongo ukawa laini kama unga wa ngano. Kilikuwa kizuri ajabu. Watu walikuja kukiangalia baada ya kanisa wakiwa na nguo zao za Jumapili, na mchungaji mmoja akasema kinamkumbusha uumbaji. Ngigi akapanda mtama. Zamani aliuita chakula cha ndege, lakini alikuwa ameona jinsi Luul, mama mwenye duka la pembeni, alivyokuwa akiukimbilia mtama wa Nthenya kwa ajili ya anjera, ile mikate myembamba ya kwao, za watoto wake na za majirani zake wote Wasomali.

Mvua za vuli zilikuja mara nne, zikakatika. Mwezi wa pili Nthenya alivuna madebe tisa. Ngigi alivuna debe moja, na nusu ya hilo debe ilikuwa makapi.

Luul alipeta mtama wa Mwenyekiti kwenye ungo mbele ya duka, akapeta tena, akamrudishia ungo.

"Chukua, baba," alisema kwa adabu. "Ulichoniuzia kimeondoka na upepo."

Mtu mwingine angeuliza Nthenya amefanya nini. Ngigi alitumia akili zaidi. Jioni mbili mfululizo alionekana kwenye kipande cha tisa, ameinama, anachota udongo, anaunusa, anaupapasa kati ya vidole kama mnunuzi wa vitambaa. Akapata jibu: siri ilikuwa kwenye kipande. Kilikuwa na bahati. Majivu yalikuwa machache pale, na bila shaka, kwa chini kabisa, palikuwa na unyevu wa siri uliokuwa ukimhurumia mjane. Kama kipande kinazaa hivi chini ya mvivu, je, kingezaaje chini ya mtu wa milimani?

Mkutano wa Machi uliitwa haraka. Ngigi alisimama, akashika kofia yake kwa vidole viwili, asiivue.

"Kipande cha tisa kiliandikwa kwa jina la Muthiani," alisema. "Mungu amlaze mahali pema. Lakini marehemu halimi. Kamati imeona, kwa faida ya mtaa mzima, kipewe mtu mwenye uwezo wa kukitunza."

"Nani?" aliuliza Wakiuru, jirani ya Nthenya, mfua nguo ambaye hakuwahi kusema neno kwa sauti ya chini.

"Kamati imeniomba mimi."

"Kamati ni nani?"

"Wakiuru, tafadhali kaa."

"Nimekaa. Ni sauti tu iliyosimama."

Ngigi akamgeukia Nthenya, akalainisha uso. "Hatukunyang'anyi, mama. Tunakubadilishia. Wewe unachukua changu cha nne. Nimekilima mara tatu! Kazi yote nimekufanyia."

Nthenya alitazama mikono yake. "Na matuta?"

"Matuta gani?"

"Ya Muthiani."

"Mama, vile ni vichuguu. Vitasawazishwa."

Hakuwa na mtu wa kumpelekea kesi hiyo. Aliyekuwa na mashtaka kuhusu mashamba aliyapeleka kwa mwenyekiti wa mashamba. Wengine walikuwa wameanza kuinuka aliposema:

"Basi nipe takataka zangu."

Safari hii hata Ngigi alicheka. Jaa lote? Achukue! Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mkubwa siku hiyo, aliahidi kulipa mkokoteni kwa mfuko wake mwenyewe, mradi mabua yote yaondoke kabla ya Jumamosi ya trekta.

Mwenye mkokoteni alipiga safari tatu. "Mathe," alimwuliza Nthenya, jasho likimtiririka, "hizi takataka namwaga wapi?"

"Usizimwage. Zilaze."

"Zilale?"

"Polepole. Zimechoka."

Jumamosi trekta iliingia kwenye kipande cha tisa. Nthenya alisimama kwenye ukingo wa reli na Wakiuru kando yake. Sahani za plau zilishika tuta la kwanza, zikalipindua tumbo juu, na udongo wa chini, ambao bado ulikuwa na unyevu wa mvua ya mwaka jana, ukalala juani ukimetameta. Kabla trekta haijageuka upande wa pili ulikuwa umepauka. Watu walipiga makofi. Kazi ya miezi saba iliisha katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Usiangalie," Wakiuru alisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini.

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

Nthenya aliifuata trekta kwa macho hadi iliposimama. "Hamsini na viwili," alisema, akaenda zake kwenye kipande cha nne.

Huko alikuta ardhi iliyofunga ukoko mgumu kama sahani ya udongo. Hakuupindua. Alikwangua matuta pale tu alipohitaji kupanda, akaweka vizibo, akatandaza mabua juu ya kila kitu. Vizibo aliviweka kila baada ya hatua nne, kwa sababu hatua tatu za Muthiani zilikuwa nne zake.

Mwaka ule wa themanini na nne, watu waliokuwapo wanaukumbuka, masika hayakuja. Yalituma salamu tu. Mwezi wa nne ilinyesha alasiri moja, kisha jioni mbili, basi. Alasiri ile ya kwanza Ngigi alitoka na mwavuli kwenda kuona shamba lake jipya. Matone makubwa yalipiga ule unga, ukashikana, ukaziba, ukang'aa kama sakafu iliyopigwa sementi. Maji hayakuona mahali pa kuingia, yakashuka mbio hadi mtaroni kando ya reli, yakiwa yamebeba udongo na punje kadhaa za mtama.

"Angalieni maji yanavyopita vizuri!" Ngigi aliwaambia waliojikinga chini ya ukuta. "Hakuna dimbwi hata moja!"

Kwenye kipande cha nne palikuwa na madimbwi kila mahali, kila kizibo na dimbwi lake, chini ya mabua. Asubuhi yake hayakuwapo. Hayakuwa yamekwenda mbali.

Mtama wa Mwenyekiti uliofaulu kupasua ukoko ulitoka umejikunja, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Ngigi akaajiri vibarua wauvunje ukoko, wakauvunja; jua likanywa kilichobaki. Akawaajiri tena. Kadiri mtama ulivyodhoofika ndivyo alivyozidi kulima, na kadiri alivyolima ndivyo udongo ulivyozidi kuwa laini na mwepesi.

Kisha upepo wa mwezi wa saba ukaanza kuvuma kutoka Embakasi.

Siku ya kwanza Wakiuru alidhani kiwanda cha saruji kimepasuka. Alikuwa ameanika mashuka kumi na mawili ya wateja, meupe, na alipotoka kuyaanua yalikuwa rangi ya panya. Akayafua upya. Jumamosi ikawa vilevile. Ilikuwa safu nzima ya nyumba, kisha mtaa mzima: mavumbi kwenye mashuka, kwenye sare za shule, kwenye unga wa njano wa msaada ambao watu walipangia foleni tangu saa kumi na moja, na usiku meno ya kila mtu yalisaga Kipande cha Tisa. Hata mke wa Ngigi alianua fulana za Mwenyekiti, akazikung'uta kuelekea kilipokuwa kiti chake.

"Leo nimefua robo ya shamba," Wakiuru alitangaza mferejini. "Wiki ijayo nikimaliza mpaka, naomba cheti cha kumiliki."

Mwezi wa nane watu walivuna walichopata. Nthenya hakupata madebe tisa. Pale kwenye udongo wa wenyewe uliochoshwa alipata mawili na nusu, akapunguza vikombe vya uji, akapunguza na chakula chake. Ngigi alipata masuke yaliyofanana na miswaki. Ndege wenyewe walikuja, wakatazama, wakaenda kwa Nthenya.

Mkutano uliofuata uliitwa haraka kuliko ule wa Machi. Ngigi alikuwa amepauka kidogo, lakini kofia ilikuwa mahali pake.

"Ndugu zangu, Kamati imefanya utafiti," alisema. "Imeonekana kwamba bahati ya udongo huhama. Ilikuwa kwenye cha tisa, sasa imehamia cha nne. Kwa hiyo, kwa faida ya mtaa mzima…"

Hakumaliza. Mlango ulifunguliwa, akaingia Wakiuru na karai kichwani, nyuma yake Luul na ndoo, nyuma ya Luul wanawake wa safu tatu za nyumba, kila mmoja na alichobeba. Wakiuru alitua karai lake miguuni mwa Mwenyekiti. Lilikuwa limejaa vumbi la kijivu, limechekechwa vizuri.

"Ni nini hii?" Ngigi aliuliza.

"Ni shamba lako, Mzee. Tumelifagia nyumbani kwetu. Unajua sisi ni watu wa usafi."

Luul akamimina ndoo yake juu ya lundo. "Hili lilikuwa kwenye sukari yangu, baba. Nimelipima. Sikuiba hata punje."

Wakaja mmoja mmoja. Lundo likapanda hadi magotini, na kila aliyemwaga alisema kitu: hili la mashuka, hili la kitanda cha mtoto, hili la Biblia. Chumba kizima kilikuwa kikikohoa na kucheka. Vumbi lilipotulia, hata kofia ya Mwenyekiti ilikuwa ya kijivu, naye, kwa kuwa hakuweza kuona, akaivua kuikung'uta. Ndipo mtaa ulipoona kwamba ana upara.

"Tubadilishane, mama," alimwambia Nthenya, karibu kwa kunong'ona. "Nakurudishia kipande cha mumeo. Hukukitaka?"

Kicheko kikafa. Wote walimgeukia. Alikuwa amekitaka usiku na mchana tangu Machi.

"Kilikuwa cha mume wangu kabla hujakigeuza," alisema Nthenya. "Aliyoyafanya uliyasawazisha. Kilichobaki ni chako. Sitoki cha nne."

"Sitoki cha nne," Wakiuru aliyarudia maneno hayo kwa wote, kama karani, ili pasiwe na wa kudai hakusikia. Hakuna mwanakamati aliyeinua mkono kupinga.

Watu walipotoka, Ngigi alibaki na lundo lake. Nthenya alikuwa wa mwisho mlangoni.

"Sasa nitalimaje?" Ngigi alimwuliza.

"Usilime."

"Nisilime?"

"Usilime, Mzee."

"Mimi ni Mwenyekiti wa Mashamba!"

"Basi ongoza," alisema, akaondoka.

Zilipita wiki tano. Vuli ilianza kunukia upande wa Ngong, na mtaani pakasikika habari iliyofanya watu wasahau foleni ya unga: Mwenyekiti alionekana akipita nyumba hadi nyumba, anaomba takataka. Majani, maganda ya mahindi, nyasi za magodoro yaliyochakaa. Wakiuru alimpa gunia la mabua, akamtoza ahadi ya kuacha kukagua ua wake maisha yote.

Jumapili moja baada ya kanisa Nthenya alipita kando ya reli na kumkuta kwenye kipande cha tisa, hana kofia, suruali imepandishwa, upara unang'aa jasho. Alikuwa ameinua matuta yaliyopinda kama mtu aliyeyachora akiwa ndani ya gari. Nthenya angeendelea na safari yake, lakini jicho lake lilikuwa limekwisha kuviona vizibo katikati ya matuta.

Akaingia shambani bila kusalimu. Akatembea kutoka kizibo hadi kizibo. Moja, mbili, tatu, nne. Akaenda kilichofuata. Nne. Na kilichofuata. Nne zake.

"Ni nani aliyekuambia kipimo hiki?" aliuliza, na sauti yake ilimshtua mwenyewe.

"Hakuna," Ngigi alisema kwa woga, akidhani amekosea tena. "Nilitembea hatua tatu, nikachoka, nikaweka."

Nthenya alimtazama miguu, ile miguu mirefu ya kipumbavu. Alisimama pale kwa muda mrefu, mgongo ameuelekeza kwa Mwenyekiti, uso upande wa reli. Ngigi akaona si vizuri kuendelea kuchimba, akasimama naye, jembe mkononi.

Mwishowe Nthenya alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Hicho cha mwisho ni kifupi," alisema. "Maji yatakiruka. Kiongeze."

"Nitakiongeza, mama."

Alipofika kwenye mpaka aligeuka.

"Na ukimaliza, Mzee," alisema, "usifagie."